Kwa Byamungu, Mtangazaji wa Kashojwa

Byamungu, mdogo wangu,

Mama amenikubalia nikuandikie. Nilidhani atakataa, kwa sababu tangu tulipokuzika mwaka jana hapendi jina lako litajwe mbele ya wageni. Anasema linamchoma kifuani. Lakini juzi nilimkuta uani Kashojwa anachambua maharage ya kupeleka sokoni, nikamwambia nataka kukuandikia barua ambayo wengine pia wataisoma, wenye watoto kama wewe na wasio nao. Mikono yake ikaendelea na maharage. Kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Andika. Ila usiandike kama vile tulikuwa bantu ba kuhurumiwa."

Basi naandika, na nitajaribu kumtii.

Ulizaliwa Uvira mwaka 1996, vita vikiwa vinaingia mjini. Mimi nilikuwa na miaka sita. Papa, baba yetu, alisema mtoto aliyekuja wakati kama ule ni mali ya Mungu mwenyewe, ndipo ukapewa jina hilo. Tulipofika Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, ulikuwa umeshaanza kutembea, lakini ulitembea kwa vidole, visigino haviguswi na vumbi, na wanawake wa Kashojwa, kijiji chetu humo makazini, wakakuona kama mtoto anayecheza dansi. Papa alijivunia miguu yako. Ilikuwa minene huku nyuma chini ya goti, migumu ukiishika. Aliwaambia majirani, "Huyu atakuwa mucheza mupira. Muangalie miguu." Hakuna aliyejua kwamba unene ule ndio ugonjwa wenyewe.

Ukaanza kuanguka. Ulianguka njiani kwenda kisimani, ukaanguka kanisani, ukaanguka mahali pasipo na jiwe wala shimo. Na kuinuka kwako kulikuwa kwa namna yako peke yako: unaweka mikono chini, kisha kwenye magoti, kisha kwenye mapaja, unajipanda mwenyewe hadi unasimama wima. Watoto wakicheka, wewe ulikuwa umeshacheka kabla yao. Wapo waliosema tumefuatwa na kitu kutoka Kongo. Mama alikupeleka kwenye maombi, akakupeleka kwa mzee wa mizizi, na mwishowe akakupeleka kliniki ya Base Camp, kwenye kituo kikuu cha makazi yetu, ambako nesi mmoja alikutazama ukiinuka mara moja tu akasema kwa uaminifu kwamba ugonjwa huu haujui, ila twende Mbarara, kwenye hospitali ya misheni ya Ruharo, kuna daktari wa watoto wenye viungo dhaifu.

Unaikumbuka siku ile? Ulikuwa na miaka tisa na ulivaa shati la Papa lililokatwa mikono. Daktari Ainembabazi alikuambia ukae sakafuni, kisha uinuke. Ukainuka kwa namna yako. Akakuomba urudie, naye akapiga magoti karibu nawe, akakushika mashavu ya miguu kwa viganja vyote viwili. Alikutoa damu kidogo, tukangoja, tukarudi tena baadaye kusikia. Siku hiyo hakuzungumza na Papa na Mama pembeni. Alivuta kiti akakaa mbele yako, akaongea kile Kiswahili chake cha Uganda.

"Hii ugonjwa iko na jina," alisema. "Inamaliza misuli ya kijana pole pole. Itaanza na miguu, halafu mikono, halafu kifua. Dawa ya kuponesha haiko, hapa au Ulaya. Lakini kazi ya kufanya iko nyingi."

Ukauliza, "Na kichwa yangu?"

"Kichwa yako iko sawa kabisa."

"Na mudomo?"

Daktari akacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka haraka. "Hiyo naona haina ugonjwa."

Papa aliuliza kama ni sisi tuliofanya kosa. Daktari akaeleza kwamba kitu hiki hukaa ndani ya chembe za urithi za mama bila mama kuugua, na akizaa mtoto wa kiume anaweza kumpa. Hapakuwa na kosa la mtu. Mama aliinamisha kichwa, nami nikaogopa kumtazama Papa, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa jirani zetu jinsi mwanamume anavyoweza kugeuka akisikia neno kama hilo. Papa aliweka mikono katikati ya magoti. Kisha akasema, "Kama imepitia kwa mama, imepitia kwa nyumba yetu yote. Dokta, utuambie iyo kazi." Sijawahi kumpenda Papa kuliko siku ile.

Kazi yenyewe niliifanya mimi zaidi. Daktari alinifundisha kukunyoosha miguu asubuhi na jioni: nashika kisigino, nasukuma unyayo kuelekea kwako, nashikilia hapo wewe ukiuma meno, kisha naachia. Kulikuwa na vidonge vya kuchelewesha ugonjwa, ambavyo vilikuvimbisha mashavu na kukufanya utake kula kila saa, navyo vilikufikia kwa kuchelewa. Kulikuwa na vifaa vya kufunga miguuni wakati wa kulala. Lakini kunyoosha ndiko ulikochukia, na ni hapo, juu ya mkeka wetu, ndipo ulipoanza kutangaza.

"Yaya Sifa anakamata kisigino," ulisema kwa ile sauti ya redio, ukiniita yaya, dada mkubwa, kama ilivyo kwetu Kongo. "Anasukuma. Mugonjwa anasikia maumivu mingi. Refa iko wapi? Refa iko anapika ugali."

Na Mama, aliyekuwa kweli anasonga ugali, alilazimika kuweka mwiko chini kwa kicheko.

Ulipofika miaka kumi miguu ilikataa kabisa. Siku ile ulikaa umeegemea ukuta, hukulia, uliomba tu upelekwe uwanjani kuangalia vijana wakicheza. Papa alikupakia kwenye toroli, akatandika gunia chini, akakusukuma. Ulienda kesho yake tena, na kesho yake. Mtu akakukatia jirikani kuukuu, dumu la plastiki, iwe kipaza sauti, na kuanzia hapo uwanja wa Kashojwa ukawa na mtangazaji. Vijana walianza kuvaa vizuri kwa sababu ulikuwa unawataja. Mmoja uliwahi kumtangaza hivi: "Mupira iko kwa Zozwe, Zozwe anakimbia kama mutu tumbo inamuuma, anapita moja, anapita mbili, sasa anatafuta fasi ya kupiga, anatafuta, anatafuta, bamemunyanganya." Zozwe huyo alikununia wiki nzima. Tutarudi kwake.

Kanisa likaanza kukuazima spika. Jumamosi moja, siku ya soko, mfanyabiashara mmoja, Hajji Swaibu, alikuwa Base Camp na marobota yake ya mivumba, nguo za mitumba, kutoka Mbarara. Akasikia sauti yako ikitoka Kashojwa na watu wakicheka kama wako arusini. Aliacha nguo zake kwa mwenzake akaja kuona. Alisimama nyuma ya toroli hadi mechi ilipokwisha, na ndipo aliposema, "Kijana, nani alikusomesha hii kazi?"

"Hapana mutu, Hajji," ulimjibu. "Nimekaa mingi, nimeangalia mingi."

Akawa rafiki yetu. Alikuja nyumbani kila alipofika sokoni, akanywa chai kwa Mama, akauliza habari za ugonjwa. Mama alimweleza yale tuliyoyasikia Ruharo, kwamba Daktari Ainembabazi anawajua watoto wengine wenye ugonjwa huu, kwenye makazi yetu na vijijini nje ya Mbarara, wengine wamefungiwa ndani kwa aibu, na kwamba wanahitaji viti, vifaa vya miguu, nauli ya kufika kwake, na chumba cha kufanyia mazoezi. Hajji alisikitika kwa moyo wake wote. Akasema atakuchukua Mbarara, msikitini na madukani, watu wakuone hali yako, na kila mmoja atatoa.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Hajji, aksanti," ulisema. "Lakini sitaki bantu banililie. Nataka bacheke, kiisha balipe."

Hajji alikutazama, akanitazama mimi, akarudi kwako. "Basi utafanya kazi," alisema.

"Njo iyo nataka," ulijibu, yaani ndiyo hiyo hasa.

Hivyo ndivyo ilivyokuja mechi ya Mbarara, wafanyabiashara wa soko dhidi ya vijana wa Kashojwa. Hajji alizunguka duka hadi duka, Waislamu na Wakristo, akauza nafasi za kuangalia. Alikuchagulia koti jeusi kutoka kwenye marobota, nami nikalipunguza mikono kwa sindano. Watu walikuja wengi kuliko tulivyoota: akina mama wa nyanya, wanajeshi wasio kazini, wanafunzi, wazee wenye kofia zao nyeupe. Hajji mwenyewe alikaa golini, na tumbo lake lote. Ulimtendea vibaya, Byamungu. "Golikipa wa Mbarara anaangalia juu, anafikiri ni mvua inakuja. Hapana, Hajji, ni mupira." Wake zake walicheka mpaka wakashikana. Hata wale wasiojua Kiswahili cha kwetu walicheka kwa sababu wenzao wanacheka.

Na wakati wa mapumziko, walipotegemea vichekesho zaidi, ulibadilisha sauti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti ulichoazimwa, nimeshika mikrofoni karibu na mdomo wako kwa sababu mkono wako ulikuwa umechoka, na hata mimi sikujua utasema nini.

"Munaona miye nimekaa," ulisema. "Ni ugonjwa inakula misuli. Haiambukize. Hapana mutu alinirogea. Kama uko na mutoto kijana anaanguka mingi, na akitaka kuamuka anapanda mapaja yake na mikono, usimufiche. Dokta wetu iko pale, mwenye koti nyeupe. Kwenda kwake hakuna kiingilio. Sasa mupira inarudi."

Mama mmoja muuza nyanya aliacha beseni lake pale pale. Alienda kwa daktari na mtoto mgongoni, mvulana wa miaka minne aliyeitwa Eriya.

Kilichopatikana siku ile, na katika mechi zilizofuata kila mwaka, kilifanya kazi iliyoonekana. Chumba cha mazoezi kilipatikana, mikeka ikanunuliwa, wazazi wakaanza kukutana na kufundishana kunyoosha miguu ya watoto wao, na watoto waliofichwa wakatolewa nje wakiwa wamekunja macho kwa jua. Viti vya magurudumu vilipofika, kuna mtu kwenye kikao cha wazazi aliyesema wewe, kama kiongozi, ungeonyesha mfano kwa kuchukua cha mwisho. Ulikataa. "Miye kwanza," ulisema, "juu miye njo nilifanya kazi." Nilitaka kujificha chini ya benchi. Leo nikikumbuka najikuta natabasamu barabarani.

Ulikuwa na miaka kumi na sita Daktari Ainembabazi alipokuja nyumbani na jambo jingine. Alisema wako watafiti, mbali na Uganda, wanaosoma damu za familia kama yetu ili kujua hasa ni wapi kwenye chembe hizo za urithi kasoro ilipo, kwa sababu dawa wanazozitafuta zitategemea jambo hilo, na damu za Waafrika wanazo chache. Aliomba ya kwako, ya Mama, na ya kwangu.

"Sitakudanganya," alikuambia. "Hii haitakuponesha wewe."

"Itasaidia nani?"

"Watoto watakuja nyuma. Na dada yako atajua kama na yeye anaibeba."

Miaka yote ile nilikuwa nimeunyoosha mguu wako bila kufikiri hata siku moja kwamba ugonjwa ule ungeweza kuwa umekaa ndani yangu pia, kimya, unangoja mwana. Uligeuza kichwa, kazi iliyokuwa ngumu kwako tayari, ukaniuliza, "Yaya, unapenda kujua?" Nikainama kukunyooshea unyayo. Ukasema, "Basi miye natoa yangu leo. Wewe ufikiri ya kwako." Na ukamgeukia daktari kwa sauti nyingine, ile uliyomwekea Hajji: "Lakini majibu irudi huku Kashojwa. Isibakie kule." Akakuahidi. Nilipoona sindano inaingia kwenye mkono wako mwembamba na wewe unaitangaza, nilikunja mkono wa blauzi yangu.

Kifua chako kilianza kuchoka mwaka uliofuata, na moyo nao. Hukupata kuona majibu. Siku zako za mwisho ulikuwa hospitalini Mbarara, mimi na Mama tukipokezana kukukalisha, maana ukilala chali pumzi ilikukimbia. Kwenye kitanda cha jirani alilala mtoto aliyevunjika mguu, akilia kila nesi anapokuja. Ulimtangazia. Sauti yako ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini aliacha kulia ili aisikie. Uliondoka mchana, Papa ameshika mkono wako, Mama amekushika kichwa, mimi nimeshika visigino kwa mazoea.

Wafanyabiashara wa Mbarara walikuja Kashojwa kukuzika, lori zima. Mchungaji alimwomba Hajji aseme neno, naye akasimama. "Huyu kijana hakuniomba kitu hata siku moja," alisema. "Yeye alinipatia kazi." Akakaa.

Majibu yalirudi, Byamungu. Daktari Ainembabazi hakutuita Ruharo, aliyaleta mwenyewe hadi uani kwetu, kwa sababu ndivyo alivyokuahidi. Walikuwa wameipata kasoro yako, mahali pake hasa. Mama anayo. Mimi ninayo.

Nilikuwa nimeshachumbiwa wakati ule, na mchumba wenyewe ni Zozwe, yule yule uliyemtangaza na tumbo lake. Mama alinivuta ndani. "Usimwambie kwanza," alisema, naye hakuwa na ubaya, alikuwa na hofu ya mama. Nilimwambia kwamba Papa alipewa habari hiyo hiyo mbele ya watu na hakukimbia, na kwamba sisi si watu wa kuficha tena. Mama alikaa kitandani, kisha akanifunga kitambaa vizuri kichwani akasema, "Basi enda."

Nilimwambia Zozwe kwenye chai pale Base Camp. Nilimweleza yote: kwamba mwana wetu wa kiume anaweza kuupata na anaweza asiupate, na binti anaweza kuubeba kama mimi. Aliweka kikombe chini, akasema ameelewa, akaondoka. Siku zikapita bila habari yake. Nilikwenda sokoni, nikarudi, nikala, na kwa kila aliyepita njiani niliinua kichwa. Kisha alitokea uani akiwa na vumbi la safari.

"Nilienda Ruharo," alisema. "Nilitaka kumuuliza dokta miye mwenyewe. Amenieleza mpaka nimeelewa."

"Na umeonaje?"

"Byamungu nilimujua. Alinichekesha, alinikasirisha, nililipa kiingilio juu ya kumusikia. Kama nyumba yangu itapata mutoto mwenye ugonjwa yake, ni mutoto. Tutajua cha kufanya tangu siku ya kwanza. Ninyi hamukujua."

Tulioana baada ya Pasaka. Hajji alitoa kitambaa cha gauni, akanitania kwamba safari hii hapokei kiingilio.

Sasa nafanya kazi Ruharo, kwenye chumba cha mazoezi, nawasaidia wataalamu na nawafundisha akina mama kushika kisigino na kusukuma. Siogopi tena kutaja kilichomo ndani yangu. Mama mpya akiingia amejikunyata, nampa kiti, namwambia mdogo wangu aliugua hivi, na mimi nimeubeba, na hapa hakuna aliyerogwa. Naona mabega yake yanashuka. Kule mbali bado wanatafuta. Daktari anasema dawa ya kuponya haijapatikana, ingawa zipo wanazozijaribu, na kwamba damu yako ipo miongoni mwa damu wanazozisoma. Nalisema jambo hilo kwa watu bila unyenyekevu wowote. Mtoto wa Kashojwa yumo kwenye kazi ile.

Na kuna jambo la asubuhi ya leo, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Nilikuwa njiani kwenda kazini, chini ya ile miti ya kalitusi, nikamwona Eriya na mama yake. Ana miaka kumi sasa. Vidonge alivianza mapema, na mama yake hajaacha kumnyoosha hata siku za soko. Alikuwa amevaa sare na begi mgongoni, anatembea polepole kwa vidole, anasimama kupumzika, anaendelea. Mama yake anajua kwamba siku ya kiti itafika, tumeshazungumza naye kuhusu hilo. Lakini leo mtoto yule alivuka barabara kwa miguu yake, akapita geti la shule, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Nakuachia hapa, mdogo wangu, wazazi wameanza kufika na watoto wao. Ulale vema Kashojwa.

Mimi, yaya wako.